Kabla ya kumwita fundi bati, shusha keria

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Wenye magari wa Ngara na Biharamulo hawana haja ya kusubiri tangazo hilo ili kujua jambo moja: bei yao itakuwa juu kuliko ya Dar es Salaam. Mafuta hushushwa pwani, na hadi yafike kwenye kituo cha Nyakanazi, Biharamulo mjini au Ngara yamekwishasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenye lori ambalo nalo linakunywa mafuta.

Mwaka 2022 ulikuwa mgumu kuliko mingi. Baada ya vita vya Urusi na Ukraine kupamba moto kuanzia Februari, lita moja ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,148 mwezi Mei, na Agosti ikagonga shilingi 3,410, ingawa Serikali ilikuwa imeanza kutoa ruzuku tangu Juni. Huku kwetu ilikuwa zaidi ya hapo. Tangu wakati huo, kila bei inapopanda huzuka ushauri wa kila aina vijiweni na kwenye gereji: dawa za kutia kwenye tanki, sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, na bati au plaiwudi ya kufunga mbele, chini na juu ya gari ili "kukata upepo".

Dawa na sumaku hatutazijadili. Ni njia ya kumhamisha mtu fedha kutoka mfuko wake kwenda mfuko wa mwingine. Lakini suala la upepo ni tofauti, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Upepo unakula mafuta, na yapo mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe kwa gharama ndogo, mengine bila gharama kabisa. Tatizo ni kwamba wengi wanaanza na lile la mwisho, yaani bati, na kuyaacha yale ya kwanza.

Mkulima asiye na gari anaweza kudhani hayamhusu. Yanamhusu sana. Mnunuzi anayekuja Rulenge au Nyakahura kuchukua maharage, mahindi au ndizi hapangi bei kwa kutazama jasho la mkulima. Anaanza na bei ya soko la Kahama au Mwanza, anaondoa ushuru, anaondoa faida yake, anaondoa gharama ya gari, na kinachobaki ndiyo bei ya shambani. Lita inayopotea njiani bila sababu inalipwa na yule aliye mwisho wa foleni hiyo, na wa mwisho siku zote ni mkulima.

Tuanze na upepo wenyewe. Gari linapokwenda husukuma hewa iliyo mbele yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa inayolirudisha nyuma haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Kwa hesabu za kawaida za uhandisi, gari kama Noah lililojaa abiria, likienda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare, upepo huchukua kama moja ya tano tu ya nguvu inayolizuia, na iliyobaki ni ya matairi. Likienda kilomita 80, upepo na matairi vinagawana karibu nusu kwa nusu. Likifika kilomita 100, upepo umekwishatawala.

Maana yake kwa wilaya zetu mbili ni hii: anayefanya kazi kwenye barabara za changarawe na vumbi zinazoingia vijijini, kwa mwendo wa kilomita 30 au 40, hata akilifunika gari zima kwa bati hataona tofauti yoyote kituoni. Tena hewa ya huku si nzito kama ya pwani. Kwenye miinuko ya mita 1,200 hadi 1,800 kutoka usawa wa bahari, ambako ndiko tunakoishi, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Makadirio ya nchi nyingine yaliyofanywa kwenye tambarare za usawa wa bahari yasichukuliwe kama yalivyo.

Mahali ambapo upepo unatugharimu ni kwenye lami. Ni kutoka Kahama kuja Runzewe na Nyakanazi, kutoka Lusahunga hadi Rusumo, kutoka Lusahunga kwenda Biharamulo mjini na mbele yake. Huko ndiko gari linakopewa mafuta mengi, na huko ndiko tunakotaka msomaji atuelewe.

Adui wa kwanza yuko juu ya paa. Michomoko mingi inayopita kati ya Nyakanazi, Benako na Ngara, iwe Noah au Probox, ina keria iliyochomelewa kwa nondo au bomba, na juu yake kuna magunia, mikungu ya ndizi, magodoro, tenga la kuku, wakati mwingine baiskeli na kitanda. Hatulaumu. Abiria amelipia mzigo wake, na ndani hamna nafasi. Lakini ifahamike kwamba gari lile lilitengenezwa kiwandani likiwa na paa laini ili hewa iteleze. Ukiliwekea ukuta wa magunia juu yake, umelibadilisha likawa gari jingine kabisa.

Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba sanduku kubwa la mizigo juu ya paa huongeza hasara ya mafuta kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na kwa mwendo wa kasi, kilomita 105 hadi 120 kwa saa, hasara hufika asilimia 10 hadi 25. Hilo ni sanduku lililotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo. Magunia na kitanda vina hali mbaya zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa maabara ya Berkeley, California, walikadiria mafuta yanayopotea kwa sababu ya keria za juu peke yake kwenye magari madogo ya nchi nzima ya Marekani. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitoka kwenye keria tupu, zile ambazo wenyewe walizifunga siku ya safari wakazisahau.

Hapo ndipo penye fedha ya bure. Keria iliyochomelewa haishuki. Iliyofungwa kwa bolti nne inashuka kwa dakika 10. Mwenye gari anayepeleka mzigo Jumamosi ya gulio, kisha siku nyingine tano anabeba abiria wasio na mzigo, anabeba keria hiyo siku zote tano kama mtu anayetembea na mwavuli uliofunguliwa bila mvua. Fundi wa kuchomelea akitakiwa kutengeneza keria mpya, aambiwe tangu mwanzo aiweke bolti. Gharama haitofautiani sana, na mzigo ukilazimika kukaa juu upangwe mfupi mbele na mrefu nyuma, ulale kwa urefu wa gari badala ya kukingama, na ufunikwe turubai lililokazwa. Turubai linalopepea kama bendera linazuia gari kuliko mzigo usiofunikwa.

Mzigo unaoweza kukaa nyuma ya gari badala ya juu, ukae nyuma. Idara ileile ya Marekani inaonyesha kwamba mzigo uliofungwa nyuma hupoteza asilimia chache tu, kwa sababu umejificha kwenye kivuli cha gari.

Sasa tuje kwenye bati, maana tunajua ndilo wengi wanalotaka kulisikia. Je, mtu anaweza kulibadilisha umbo gari lake kwa mikono na likapunguza mafuta? Jibu ni ndiyo, na ushahidi ni wa zamani. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipositisha kuuza mafuta kwa baadhi ya nchi, bei ilipaa dunia nzima. Wamarekani waliwekewa kikomo cha mwendo cha maili 55, kama kilomita 88 kwa saa. Hapa Tanzania wazee wanakumbuka jinsi katika miaka ya 1970 na 1980 magari ya binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika kipindi hichohicho wahandisi wa shirika la anga la Marekani, NASA, huko jangwani California, walichukua gari la kawaida la mizigo aina ya Ford, wakalivika mabati ya aluminiamu hadi likawa sanduku lenye pembe kali kama kiberiti. Wakapima upepo. Kisha wakaanza kuziviringisha zile pembe, moja baada ya nyingine, na kupima tena.

Walipomaliza kuviringisha pembe zote, nguvu ya upepo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu, na nafasi ya mzigo iliyopotea ilikuwa ndogo sana, kama asilimia 3. Walipofunika pia sehemu ya chini na kuchongoa nyuma, ikapungua tena. Vikinga upepo tunavyoviona juu ya kabini za malori makubwa yanayopita Rusumo kwenda Kigali, na yale yanayokata kwenda Kabanga na Bujumbura, ni matunda ya kazi ya namna hiyo.

Fundisho la jaribio lile lipo kwenye pembe. Upepo hauchukii ukubwa peke yake, unachukia kona kali ya mbele. Mwenye Fuso au Canter ambalo bodi yake imesimama juu ya kabini kwa nusu mita au zaidi ana ukuta unaogonga hewa kilomita zote. Kwake yeye kikinga upepo juu ya kabini kina maana. Kinaweza kutengenezwa kwa bati nene lililokunjwa kwa mviringo, juu ya fremu ya bomba, kikianzia karibu na ukingo wa mbele wa kabini na kuishia usawa wa juu wa bodi, si chini yake na si juu yake. Pengo kati ya kabini na bodi likiwa kubwa, kipande cha turubai au bati pembeni husaidia, mradi kabini iweze kuinamishwa fundi anapotaka kuifikia injini.

Lakini Fuso lenye bodi fupi iliyo sawa na kabini, linalobeba mahindi yaliyopangwa hadi usawa huohuo, halihitaji kitu hicho. Ukilifunga kikinga umelijengea ukuta ambao halikuwa nao. Ndiyo maana tunasema kuiga si dawa. Cha jirani kilimfaa kwa sababu ya bodi ya jirani.

Kwa wenye pikapu kuna imani moja ambayo ni vema ikazikwa. Wapo wanaoamini kwamba kuushusha au kuuondoa mlango wa nyuma kunaacha upepo upite na kupunguza mafuta. Vipimo vilivyofanywa nje ya nchi vimeonyesha mara kadhaa kwamba haisaidii, na mara nyingi inaongeza hasara. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujikusanya na kuzunguka ndani ya bodi kama mto wa kulalia, na hewa inayotoka juu ya kabini huteleza juu ya mto huo. Ukishusha mlango umeuharibu mto. Turubai lililovutwa likakaza juu ya bodi tupu ndilo linalosaidia kidogo, na huzuia vumbi pia.

Yapo mambo ambayo tunayapinga moja kwa moja. La kwanza ni kuziba shoo ya mbele kwa bati au plaiwudi. Huko Ulaya, ambako baridi ni kali na barabara ni tambarare, wapo wanaofanya hivyo na wakafika salama. Hapa, gari lililojaa likipanda kwenda Ngara kwa gia ya pili saa saba mchana, rejeta inahitaji kila tone la hewa. Akiba ya lita mbili italipiwa kwa gasketi ya silinda hedi, na pengine injini nzima.

La pili ni bati la chini. Kufunika sehemu ya chini ya gari hupunguza upepo, NASA walilithibitisha hilo. Lakini gari lao halikupita kwenye majani makavu, matope na mawe. Bati lililo karibu na egzosi likinasa nyasi kavu au oili iliyovuja ni moto unaosubiri siku yake. La tatu ni kufunika magurudumu ya nyuma: matope yatajaa, breki zitapata joto, na tairi ikipasuka usiku katikati ya msitu wa Biharamulo utahitaji spana tatu kabla ya kuifikia. Na bati lolote lililofungwa kwa waya au ribiti mbili likichomoka kwenye mwendo wa kilomita 80, litampata mwendesha bodaboda anayekuja nyuma. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuliweka barabarani gari lenye hali ya kuhatarisha wengine, na askari akikuuliza hutajibu kwamba ulikuwa unakata upepo.

Kuna njia nyingine ya kukwepa upepo ambayo madereva wanaifahamu bila kufundishwa, nayo ni kujificha nyuma ya lori. Ni kweli, hewa imekwishapasuliwa na mkubwa na wewe unapita kirahisi. Ili ufaidike lazima umkaribie kiasi kwamba akifunga breki kwa sababu ya shimo au ng'ombe, huna nafasi ya kufanya lolote.

Tumesema upepo unatawala kwenye lami tambarare. Ngara si tambarare. Yeyote aliyepanda kutoka mto Kagera kwenda Ngara mjini anajua kwamba adui wa pili ni mlima, na mlima hauna habari na umbo la gari. Unauliza uzito tu. Kuipandisha tani moja kwa kimo cha mita 500 kunahitaji, kwa injini ya kawaida ya petroli, zaidi ya nusu lita. Kwa dizeli ni kama lita 0.4. Hiyo ni gharama ya kuinua tu, bado hujahesabu matairi na upepo.

Kwa hiyo fundi akikuwekea bati la kilo 80, bampa la chuma la mbele, ngazi ya nyuma na keria ya nondo, ameongeza uzito ambao utaulipia kila mlima, kila siku, hata siku ambayo hakuna upepo. Kwa gari dogo kila kilo 45 za ziada hula takriban asilimia 1 ya mafuta. Fungua buti utazame: jeki mbili, spea iliyokufa, mfuko wa saruji uliobaki tangu ujenzi, kopo la oili chafu. Vingi kati ya hivyo vinaweza kubaki nyumbani.

Upepo mwingine unaostahili kuangaliwa ni ule wa ndani ya matairi. Matairi yakipungukiwa paundi 10 kila moja, mafuta huongezeka kwa takriban asilimia 2, na kwenye barabara zetu ambako mwendo ni mdogo, hapo ndipo penye faida kuliko kikinga chochote. Wengi hupima kwa kupiga teke. Geji ya mkononi haiwezi kukushinda bei ikiwa umeweza kununua bati.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu kuteremka kwa nyutro, au kuzima injini kabisa mlima unapoanza kushuka. Madereva wengi wanaona ni akiba. Kwa gari la zamani la kabureta palikuwa na ukweli kidogo. Kwa magari ya sasa yenye mfumo wa kudunga mafuta, ukiteremka ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta ya gari hukata mafuta yenyewe. Ukiweka nyutro, injini inahitaji mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayeweka nyutro anatumia mafuta zaidi ya yule aliye kwenye gia. Na anayezima injini ya lori anakata chanzo cha upepo wa breki, kisha anaanza kuteremka kuelekea Rusumo na tani 10 mgongoni. Akiba hiyo ingekuwa ya kweli bado tusingeipendekeza.

Kinachobaki ni mwendo, na hapa hatuna budi kuwa wakali kidogo. Katika miaka ya 1990 na 2000 ujambazi ulipokithiri, magari yalivuka mapori ya Biharamulo na Ngara kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Dereva wa wakati ule alikuwa na sababu ya kukanyaga mafuta hadi mwisho. Kwa bahati mbaya mguu umebaki na mazoea ilhali sababu yake imepungua.

Tufanye hesabu. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kama kilomita 92. Kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa utatumia dakika 55. Kwa kilomita 80 utatumia dakika 69. Umechelewa dakika 14, muda wa kunywa chai. Kwa dakika hizo 14 nguvu ya upepo juu ya gari lako imepungua kwa asilimia 36, bila bati, bila fundi, bila bolti hata moja. Hakuna kikinga cha kienyeji kinachofikia hapo. Kwa malori yanayozidi tani tatu na nusu na mabasi ya abiria, kilomita 80 si ushauri wetu, ndicho kikomo cha kisheria.

Tunajua jibu la mwenye mchomoko: akienda polepole atapitwa na mwenzake na abiria watakwisha. Nauli zinapangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), hawezi kuzipandisha mafuta yanapopanda, kwa hiyo anatafuta kichwa cha ziada. Ni hoja nzito, na dawa yake si ya dereva mmoja mmoja. Vyama vya madereva vya Nyakanazi, Benako na Ngara mjini vinaweza kupanga zamu stendi, gari linaloondoka lisishindane na lililotangulia. Palipo na zamu inayoheshimiwa, hakuna anayemkimbiza mwenzake kugombea abiria wa njiani.

Kwa anayetaka kufunga kitu chochote, tunampa kipimo kabla ya kumlipa fundi. Jaza tanki hadi pampu ijifunge, kwenye kituo kilekile na pampu ileile. Andika kilomita. Fanya safari yako ya kawaida, rudi ujaze tena, gawanya kilomita kwa lita. Rudia mara tatu ukiwa na mzigo unaolingana. Kisha funga hicho kikinga, au shusha keria, na urudie mara tatu nyingine. Safari moja haitoshi, kwa sababu mvua, mzigo na foleni ya mizani vinaweza kubadilisha matokeo kwa asilimia 5 au zaidi. Fundi anayekuahidi kupunguza nusu ya mafuta mwambie mkubaliane alipwe baada ya kipimo hicho. Utaona kama atakubali.

Tuchukue mfano wa mwenye Canter anayetumia lita 120 kwa wiki, karibu zote kwenye lami. Akipunguza asilimia 8 kwa kukaza turubai, kujaza matairi na kupunguza mwendo, ameokoa kama lita 10. Kwa bei ya shilingi 3,000 ni kama shilingi 30,000 kwa wiki, karibu shilingi milioni 1.5 kwa mwaka. Anaweza kuinunulia geji ya matairi na turubai jipya na bado abaki na ada ya mtoto.

Hata hivyo haifai kazi hii iachwe kwa kubahatisha. SIDO lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, na vyuo vya VETA vinafundisha vijana kuchomelea na kukunja bati kila mwaka. Tungependa kuona SIDO Kagera wakitoa mchoro mmoja wa kikinga upepo cha Canter na kingine cha Fuso, vikiwa na vipimo, unene wa bati, idadi ya bolti na mahali pa kuzifunga, ili fundi wa Nyakahura afanye kazi sawa na wa Bukoba. Mchoro huo upitiwe na wakaguzi wa magari wa polisi kabla ya kusambazwa, ili mwenye gari asije akalipa mara mbili, kwa fundi na kwa faini.

Keria ya kufungua na kufunga nayo iwe katika mafunzo hayo. Kijana anayemaliza chuo akiwa na mchoro huo mkononi ana biashara ya kuanzia siku hiyohiyo, kwa kuwa michomoko inayopita stendi ya Nyakanazi kwa siku moja inatosha kumpa kazi ya miezi.

Na vyama vya msingi vya ushirika vinavyokodi magari ya kusomba kahawa na maharage vinaweza kuanza msimu ujao bila kumsubiri mtu. Mkataba wa gari uandikwe kwa kilomita na tani badala ya "safari", mwenye gari aonyeshe kitabu chake cha mafuta, na gari linalotoka Kahama kuja kuchukua mzigo lisije tupu wakati maduka ya Rulenge na Kabanga yanalipia gari jingine kuwaletea saruji, chumvi na mbolea.